Picha ya Nne Haikuwa na Namba

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, nimekaa kwenye cherehani napunguza sare za shule za mtoto wa jirani. Mume wangu Stambuli alikuwa upande wake wa fremu ya duka, anachora. Fremu yetu ya Mwembesongo tuliigawa katikati kwa pazia: huku ushonaji wangu, kule kompyuta yake. Kazi yake mpaka leo nikiulizwa naielezea kwa kuzunguka. Zile picha ndogo unazozibonyeza kwenye simu, ya ujumbe, ya kamera, ya kupigia, yeye alikuwa anazichora upya. Anatengeneza seti nzima, aikoni mia mbili za mtindo mmoja, pamoja na saa na kalenda za kukaa kwenye kioo, halafu anaziuza mtandaoni kwa watu wasiojuana naye. Seti moja aliichora yote kwa rangi za vitenge vyangu vilivyobaki. Vijana wa mtaani nao walikuja wabadilishiwe simu zao zipendeze.

Nayasimulia haya kwa sababu nilikuwepo. Na sehemu yangu nitaisema, sitaificha.

Siku hiyo aliingia bibi mmoja mwembamba, rozari shingoni, mfuko wa karoti mkononi. Karoti zilikuwa bado na udongo mwekundu.

"Hodi hapa."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Ndiyo hapa wanapochora simu?"

Jina lake Filomena. Alikuwa mkulima wa mboga juu ya Nyandira, huko Mgeta, na kila baada ya wiki mbili alishuka na lori la mboga mpaka sokoni. Wanawe watatu walichanga wakamnunulia simu ya kupangusa, wakamwandikia majina yao humo, wakarudi mijini kwao. Shida ni kwamba bibi hakujua kusoma.

"Naona vijidudu tu, baba," alimwambia Stambuli. "Mimi nikimtaka Leonard nataka nimwone Leonard."

"Una picha zao, bibi? Niweke sura zao."

Bibi Filomena akacheka kidogo. "Ninazo za sasa hivi. Lakini hizo sura za utu uzima sijazizoea. Wewe nichoree vitu vyao vya utoto."

Akakaa kwenye kigoda changu akaeleza. Leonard, mkubwa, ni filimbi ya mwanzi, alikuwa akiipuliza kufukuza ngedere kwenye mahindi. Magdalena ni tenga, alilala kwenye tenga la kabichi mpaka alipofika mwaka mmoja. Thobias ni jogoo, maana alizaliwa jogoo wanawika, naye akawika nao. Stambuli alikuwa anachorachora kwenye karatasi huku anatabasamu. Nilimpenda sana mume wangu siku ile.

"Weka na ndoo," bibi akasema. "Ndogo. Ya bluu. Hiyo ni ya Judith."

"Namba ya Judith ni ipi?"

"Hana namba. Alikufa ana miaka saba, kwa homa. Mchore tu, akae na wenzake."

Stambuli alifanya kazi hiyo siku mbili. Aliichora kwa upendo kuliko seti zote alizowahi kuuza. Picha nne kubwa, zimejaa kioo kizima. Ukibonyeza filimbi, simu inaita kwa Leonard. Tenga, Magdalena. Jogoo, Thobias. Ndoo ya bluu ilikuwa picha tu. Ukiibonyeza hakuna kinachotokea. Bibi alipokuja kuichukua alibonyeza filimbi mbele yetu, na Leonard alipopokea akiwa Dodoma, yule mama alisimama wima kana kwamba padri ameingia.

Miezi miwili baadaye Leonard alikuja mwenyewe dukani. Mtu mzima, shati limenyooka, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia. Akamsalimia Stambuli kwa kumshika mkono muda mrefu.

"Kaka, umemfanyia mama kitu kizuri mno. Ila sasa umetuua." Akacheka. "Mama anapiga mara thelathini kwa siku. Niko kwenye kikao, anapiga. Anauliza nimekula nini. Magdalena naye mume wake amechoka. Thobias ndiyo usiseme."

"Mwambieni apunguze," Stambuli akasema.

"Umwambie mama yako apunguze? Na simu siwezi kumnyang'anya, kijiji kizima kitanisema." Akainama karibu na kompyuta, sauti akaishusha. "Zile picha ziache. Ila akibonyeza, iite tu hapo hapo kwenye simu yake. Isitoke. Sisi tutampigia wenyewe, kila Jumapili."

Stambuli akazungusha kalamu mkononi. Leonard akaendelea kusema kwamba ofisini kwao wanaandaa programu ya simu, wanatafuta mchoraji wa aikoni, na jina la Stambuli yeye anaweza kulifikisha pale linapotakiwa.

Mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya pedali ya cherehani. Nilisikia yote. Stambuli aliniangalia kupitia upenyo wa pazia, na mimi nikainamisha macho nikaanza kushona tena. Hiyo ndiyo sehemu yangu.

Bibi Filomena aliposhuka safari iliyofuata, Stambuli aliomba simu "aisafishe." Alitumia nusu saa. Aliweka mlio wa kuita, akaweka na kioo kinachoandika kwamba simu inapigwa, kila kitu kama kweli. Mlio unaita mara kumi na mbili, halafu unakata. Filimbi, tenga na jogoo, vyote vitatu. Bibi alikuwa amekaa kwangu ananionyesha jinsi ya kumenya njegere haraka. Aliporudishiwa simu alimshika Stambuli kichwani, akambariki.

Safari ya pili alikuja kimya. "Watoto wana kazi nyingi," alisema. "Inaita, inaita tu."

"Hawakupigi Jumapili?" nikamuuliza.

"Walinipigia ile Jumapili moja."

Safari ya tatu alikuja anang'aa.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, bodaboda zinapiga honi nje. Aliweka mfuko wa karoti chini, akasema kwa furaha, "Judith anapokea."

Mkasi ukanidondoka.

"Nani, bibi?"

"Judith. Wenzake wamekuwa na kazi, nikasema ngoja nijaribu kwa mdogo. Akapokea pale pale."

Stambuli alisimama. Akanyoosha mkono taratibu. "Hebu nione simu, bibi." Akaibonyeza ile ndoo ya bluu. Kimya. Akaibonyeza tena. Hakuna. Akanionyesha na mimi. Ilikuwa picha tu, kama alivyoichora.

"Kwako haiwezi," bibi alisema. Akaichukua, akabonyeza mara moja, akaiweka sikioni.

Tukangoja.

Uso wake ukafunguka. Akasikiliza. Akacheka, kiganja mdomoni, kama msichana. Akaitikia maneno mawili ya Kiluguru nisiyoyajua. Halafu akaacha kucheka. Akamtazama Stambuli.

"Anasema anakujua," alinong'ona.

Akaibana simu sikioni zaidi.

"Anasema wewe ndiye uliyewafunga wenzake. Umewafungaje, baba?"

Nje honi ziliendelea. Mume wangu alilowa jasho mpaka kola.

"Ni mtandao, bibi," alisema. "Mtandao unasumbua. Nipe hiyo simu niirekebishe sasa hivi."

Bibi aliisogeza simu kifuani. Akasikiliza tena kidogo. "Hapana. Amekataa. Amesema usiiguse tena."

Akaondoka na kutuachia karoti zake. Hatukuzila. Stambuli alikaa mbele ya kompyuta mpaka tukafunga, hajachora mstari mmoja.

Alimpigia Leonard jioni ile ile. Nilikuwa pembeni, nikasikia jibu. "Wazee ndivyo wanavyokuwa, kaka. Bora ana wa kuongea naye."

Wiki hiyo masika yalianza kwa hasira. Barabara ya Mgeta ikakatika sehemu moja, udongo ukashuka, malori ya mboga yakakwama huko juu. Siku yake ya kushuka ikapita. Ikapita na nyingine. Stambuli aliahidi kwamba akifika tu, hata kwa nguvu, atairudisha simu kama ilivyokuwa. Akawa anampigia. Simu inaita, bibi hapokei, pengine yuko shambani. Kuanzia Jumanne ya wiki ya tano mambo yakabadilika. Kila alipopiga alijibiwa kwamba namba inatumika. Asubuhi inatumika. Adhuhuri inatumika. Jumatano, Alhamisi, inatumika.

Akampigia Leonard tena.

"Simu ikiwa bize ujue mtu yuko salama," Leonard alisema. "Niko kwenye kikao."

Jumamosi barabara ilifunguliwa kwa pikipiki. Tukapanda mbili, mimi na yeye. Tukapita Mzumbe, tukaanza kupanda, na baridi ikatupokea mapema. Matuta ya mboga yameshika mlima kama ngazi, maji yanatiririka kila upande, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa la kigango. Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo ya kigango, ya matofali ya kuchoma, mlango wa mbao umefungwa. Saa sita mchana.

Jirani, Mama Fidelis, alikuwa anapalilia kitunguu upande wa chini. Tukamwamkia, tukamuuliza.

"Yupo ndani. Mvua imemfungia, hatoki tangu Jumatatu. Anaongea na simu tu." Akatabasamu. "Wale watoto wanampenda mama yao. Usiku na mchana wanaongea. Hata leo asubuhi nimemsikia anacheka."

Stambuli alibisha hodi. Akabisha tena. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani na gongo la mti. Aliusukuma kwa bega mpaka gongo likavunjika.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza.

Alikuwa sakafuni kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kitambaa kichwani, mguu mmoja umekaa vibaya. Mafiga yalikuwa baridi, majivu meupe yamelala bila alama. Mkono wa kulia ulikuwa sikioni, umekakamaa, umeshika simu.

Hakuwa amekufa leo. Hakuwa amekufa jana. Hilo halikuhitaji daktari.

Mama Fidelis alikuwa nyuma yangu. Nilisikia jembe lake likianguka. "Lakini asubuhi hii," alisema. "Asubuhi hii amecheka." Akarudia hivyo hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Kioo cha simu kilikuwa kinawaka.

Stambuli hakuthubutu kusogea. Nikapiga magoti mimi. Kwenye kioo kulikuwa na ndoo ya bluu, na chini yake muda wa maongezi. Saa mia moja na tatu. Dakika zilikuwa zinaongezeka.

Chaji, asilimia moja.

Niliitoa simu kwenye vile vidole. Sijui kwa nini niliiweka sikioni. Mpaka leo sijui.

Kulikuwa na mtu.

Kulikuwa na pumzi ndogo, ya karibu. Na kitu kinachokwaruza taratibu. Kinaacha. Kinakwaruza. Kama kitana kwenye nywele kavu.

Halafu sauti. Ya mtoto. Yenye subira.

"Bado sijamaliza."

Simu ikazima.

Wanawake wa jumuiya ya kigango walikuja kumwosha. Mimi nilikaa nje kwenye jiwe, mvua ya rasharasha inaninyeshea, siisikii. Stambuli aliomba umeme wa sola kwa Mama Fidelis akaichaji ile simu. Nilimfuata. Kumbe ndani ya zile picha alikuwa ameweka kihesabio, kama alivyozoea kwenye kazi zake zote, ili ajue watu wanabonyeza nini zaidi. Tukasoma pamoja. Jumatatu, siku moja: filimbi, mara mia moja na kumi na mbili. Tenga, tisini na saba. Jogoo, mia moja na arobaini.

Alikuwa ameanguka, wanawake walisema baadaye. Nyonga imevunjika. Mvua ilikuwa inapiga bati, angelia nani angemsikia? Alikuwa na simu. Alikuwa na watoto watatu.

Chini kabisa palikuwa na mstari wa nne. Ndoo, mara moja. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri.

"Ile ni picha tu," Stambuli alinong'ona. "Sikuiwekea kihesabio."

Halafu akafuta yote. Nilimwona anafuta. Alifuta hesabu, akafuta na ule mlio wa uongo, akarudisha namba za watoto kama zilivyokuwa mwanzo. Kazi safi. Dakika nne. Angeweza kuifanya siku yoyote.

Kabla ya jioni Mama Fidelis alinivuta pembeni. Mikono yake ilikuwa bado imelowa.

"Nani alikuja kumsuka bibi?"

"Kumsuka?"

"Nusu ya kichwa imesukwa. Upande mmoja. Mistari imepinda, mafundo makubwa, kama anayejifunza. Na nywele zake hazijasukwa mwaka wa kumi huu." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Tumezifumua. Hatuwezi kumzika mtu nusu."

Sikumwambia nilichokisikia. Ningesemaje?

Watoto walifika Jumapili. Magdalena alianguka mlangoni, akabebwa. Thobias alilia kwa sauti mpaka akapoteza sauti. Leonard ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia, amesimama mbele ya kigango, amevaa suti nyeusi.

"Mama hatukumwacha," alisema. "Umbali ulikuwepo, lakini simu zetu zilikuwa wazi kwake saa ishirini na nne."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Stambuli aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia Stambuli, halafu nikaangalia vyangu.

Jumatatu asubuhi jeneza lilifunguliwa watu watoe heshima za mwisho. Usiku mzima lilikuwa limezungukwa na wanawake wa jumuiya wanaimba, na Mama Fidelis mwenyewe alikaa kichwani, hakuinuka. Alisema hakuinuka. Shela ilipofunuliwa, alishika mkono wangu akaukamata mpaka kucha zikaingia.

Kichwa chote kilikuwa kimesukwa.

Mistari ile ile iliyopinda. Mafundo yale yale. Pande zote mbili, mpaka kisogoni.

Magdalena aliinama juu ya mama yake, akagusa msuko mmoja. "Nani amemsuka mama?" aliuliza, machozi yanamtoka. "Jamani, nani? Nimshukuru."

 Leonard alitoa simu yake, akasogea, akapiga picha.

Tulizika saa nane mchana.

Stambuli alipata ile kazi ya aikoni za ofisi. Ndiyo, aliichukua. Ndiyo, nilikula pesa yake. Hatukuzungumza habari ya bibi tena. Ilikuwa kama chumba kimoja cha nyumba tumekifunga. Karoti haziingii jikoni kwangu, hilo tu.

Mwezi uliopita Leonard alipiga simu. Alitaka themu ya kumbukumbu: picha ya mama yake nyuma, mshumaa unaowaka pembeni, saa yenye maandishi ya dhahabu. Akatuma ile picha ya jenezani, kwa maelezo kwamba ndiyo pekee aliyonayo ya karibuni. Stambuli alikaa siku nzima anaitenganisha sura ya bibi na kitambaa cheupe cha jeneza. Kazi hiyo inafanywa kwa kukuza picha sana na kufuata ukingo, msuko kwa msuko.

Saa tisa mchana aliniita. Hakupaza sauti.

"Sabra. Njoo."

Nilifunua pazia. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa nywele za bibi, nyeupe na nyeusi. Stambuli aliniwekea kidole pa kutazama, nyuma ya sikio, pale msuko wa mwisho unapoishia.

Vidole viwili. Vidogo, vya mtoto, kucha zina udongo mwekundu. Vimeishika ncha ya msuko kama mtu anayefunga fundo. Vinatokea kwenye kitambaa cheupe, na nyuma yake hakuna mkono.

"Vifute," nilisema.

"Nimefuta mara nne."

Tukaviangalia.  Halafu mume wangu akaipunguza picha ikarudi ukubwa wake wa kawaida. Akaongeza mshumaa. Akaongeza saa ya dhahabu. Akaituma kama ilivyo.

Leonard alijibu baada ya dakika mbili. Alishukuru sana. Alisema imependeza, ameshaiweka, kila akiwasha simu anamwona mama.

Wiki mbili zimepita sasa, naye anaishika ile simu kuanzia asubuhi mpaka anapolala. Hajauliza kitu.